Mbona anashinda bila kufanya kitu?

"Shikamoo mwalimu. Nina miaka 22, nasoma chuo. Nilianza kucheza sataranji kwenye simu kipindi cha korona, na sasa tuko watu saba tunaokutana kila Jumamosi na mbao mbili. Wiki iliyopita tulipitia mashindano ya Wijk aan Zee ya 2013 aliyoshinda Magnus Carlsen wa Norway kwa pointi 10 kati ya 13. Tukabishana hadi giza likaingia. Wenzangu watatu wanasema ule ni ubingwa mtupu. Mimi na waliobaki tunaona jamaa hafanyi kitu: anasogeza kete huku, anairudisha kule, mpaka mwenzake achoke akosee. Mechi yake na Karjakin ilikwenda hatua 92! Mimi ni mshambuliaji. Mchezo ukiwa wazi nafurahia, ukifungwa nakwama, sijui hata kete gani niiguse. Nimejaribu mechi kumi kucheza kwa subira kama wao. Nimeshindwa saba, na tano kati ya hizo muda uliniishia. Je, subira hii ni kipaji cha kuzaliwa au inafundishika? Na niache kushambulia?"

Marahaba, mwanangu. Umeuliza vizuri, na nimefurahi zaidi kwamba umeleta hesabu ya mechi zako. Wengi huniandikia "nashindwa tu" na kuniacha nipige ramli.

Naona hapa maswali mawili yamevaana. Moja ni la ubishi wenu: je, mtu anayeshinda bila kushambulia amefanya kazi yoyote, au ameokota? La pili ndilo linalokuuma kwelikweli, zile mechi kumi. Umejaribu kuvaa nguo ya mtu mwingine, ikakubana, na sasa unajiuliza kama mwili wako ndio mbovu. Nitaanza na la kwanza kwa sababu bila hilo la pili halijibiki.

Carlsen pale Wijk aan Zee, kijiji cha pwani ya Uholanzi ambako mabwana wa mchezo huu hukusanyika kila Januari, alishinda mechi 7, akatoka sare 6, hakupoteza hata moja (ushindi ni pointi moja, sare ni nusu). Levon Aronian aliyemfuata aliachwa pointi moja na nusu. Walikuwa wachezaji 14, na Viswanathan Anand, bingwa wa dunia wa wakati ule, alikuwa mmoja wao. Orodha ya viwango ya Februari mwaka huo ikamweka Carlsen kwenye 2872, namba ambayo hakuna binadamu aliyekuwa ameifikia kabla yake. Sasa jiulize. Mtu mmoja kuchoka na kukosea mbele yako, hiyo ni bahati. Watu saba wa kiwango hicho, ndani ya wiki mbili na ushei, wote wachoke mbele ya mtu yuleyule? Hapo kuna kitu anawafanyia.

Kabla sijakuonyesha kitu chenyewe, niondoe dhana moja inayowasumbua vijana wengi, kwamba kuna wachezaji wa kweli wanaoshambulia na kuna waoga wanaosubiri. Pointi hizo 10 kati ya 13, katika mashindano hayohayo, Garry Kasparov, bingwa wa dunia wa zamani, aliwahi kuzipata mwaka 1999. Yeye alishinda 8, sare 4, akapoteza moja. Na mwaka ule ndipo alipomchinja Veselin Topalov katika ile mechi ambayo nina hakika umeiona, ya kutoa ngome iliwe kwenye d4 (herufi ni safu ya ubao, namba ni mstari) na kumfukuza mfalme wa mwenzake kutoka nyumbani kwake hadi upande wa pili wa ubao. Moto mtupu. Kijiji kilekile, pointi zilezile, mmoja kwa moto, mwingine kwa maji.

Nikuongezee jambo ambalo huwa nawaambia wanafunzi wangu wakisinzia. Ngome ile Kasparov aliitoa hatua ya 24, na Topalov alisalimu amri hatua ya 44. Miaka 25 kabla yake, mwaka 1974, katika Olimpiadi ya sataranji iliyofanyika Nice, Ufaransa, Anatoly Karpov, aliyekuja kuwa bingwa wa dunia, alicheza hatua ya 24 ambayo ndiyo baba wa kila "kutofanya kitu" unakokuona kwa Carlsen. Mpinzani wake naye akasalimu amri hatua ya 44. Imetokea tu, wala usiitafutie unajimu. Ila inafaa kuikumbuka mtu akikwambia kwamba mchezo wa subira ni mchezo wa polepole.

Twende kwenye mechi hiyo ya Nice, maana ukiielewa hatua ile moja, zile 92 za Carlsen zitafunguka zenyewe.

Karpov alikuwa na kete nyeupe. Mbele yake ameketi Wolfgang Unzicker wa Ujerumani Magharibi, hakimu kwa kazi yake ya kila siku, na grandmasta, ngazi ya juu kabisa ya wachezaji, tangu miaka ya hamsini. Si mtu wa kuchezewa. Ufunguzi ulikuwa wa Kihispania, ule wa askofu kwenda b5, na baada ya hatua ishirini na kitu katikati pamefungika kabisa. Karpov ana askari b4, c3, d5 na e4. Unzicker ana wake b5, c4, d6 na e5. Askari wamegusana vifua, hakuna anayeweza kusonga. Njia moja tu iko wazi ubao mzima, nayo ni safu ya a. Ngome ya Karpov iko a2, ya Unzicker iko a8, zinatazamana kama majirani wenye ugomvi wa mpaka.

Wewe ungefanya nini hapo? Najua, kwa sababu nami ningefanya hivyohivyo nikiwa na umri wako: ningeleta ngome ya pili a1, nipange mbili, nisukume. Tatizo ni kwamba Unzicker angekula ile ya a2, Karpov ale, kisha Unzicker alete ngome yake ya pili a8 na kubadilishana tena. Ngome zote zinaisha, safu ya a haina mwenyewe, mkono wa buriani, sare, watu waende kula.

Karpov akamchukua askofu wake aliyekuwa e3, akamtelemsha hadi a7. Akamweka katikati ya njia, mbele kabisa ya ngome ya Unzicker, kama mtu aliyeegesha lori mlangoni kwa jirani. Askofu yule haliwi, kwa sababu ngome ya a2 imemlinda kutoka nyuma: ukimla kwa ngome, unaliwa ngome. Hatishii kitu. Hali kitu. Hata anaonekana mjinga, amejichimbia pembeni kabisa. Lakini sasa nyuma ya mgongo wake Karpov anaweza kupanga ngome zake mbili kwa raha zake, na Unzicker hana namna ya kuzibadilisha. Siku Karpov atakapoamua, atamwondoa askofu na njia yote ni yake. Na siku hiyo ataichagua yeye.

Sasa msikilize Unzicker kichwani mwake. Hawezi kuzitoa ngome zake karibu na a8, kwa sababu lori linaweza kuondoka dakika yoyote. Farasi wake wawili wanagongana kwenye vijiraba vichache walivyobakiziwa. Askofu wake mmoja amekaa nyuma ya askari wake mwenyewe. Na Karpov, baada ya kuleta ngome ya pili a1, anageukia upande mwingine kabisa: hatua ya 30 anasukuma askari wa f, hatua ya 31 anamsukuma tena hadi f5. Upande wa mfalme nao unafungwa, na miraba myeupe iliyouzunguka inabaki haina mwenyewe. Askofu wake wa miraba hiyo anafunga safari, kutoka b1 hadi c2, c2 hadi d1, d1 hadi h5. Safari ya hatua tatu kwenda kubadilishana na askofu pekee aliyekuwa akiilinda miraba hiyo.

Angalia hatua za Unzicker kuanzia ya 37: mfalme f8, mfalme g8, mfalme f8, mfalme g8. Grandmasta mzima anampeleka mfalme mlangoni na kumrudisha kitandani mara mbili, kama mgonjwa aliyekosa usingizi. Si uvivu wake. Kila kete nyingine akiigusa, kitu kinadondoka. Hatua ya 41 maaskofu wakabadilishana, ya 42 malkia akaenda h5, ya 43 akaingia g6, ya 44 farasi akafika h5, na hakimu akaona hukumu imeshaandikwa.

Jambo linalonifurahisha kila nikiifundisha mechi hii ni kwamba yule askofu wa a7 hakuondoka. Hadi mwisho yuko palepale. Safu ya a haikutumika hata mara moja! Ngome zile mbili hazikuvuka mstari wa tatu. Kazi yote ilifanywa na uwezekano wa lori kuondoka, na uwezekano huo ukawafunga walinzi upande wa kushoto wakati nyumba inaingiliwa upande wa kulia.

Kwa hiyo Karpov alifanya nini kati ya hatua ya 24 na ya 44? Alipunguza hatua nzuri za mwenzake. Kwanza zilikuwa kumi, zikawa sita, zikawa mbili, ikabaki ile ya mfalme kwenda na kurudi. Hicho ndicho kitendo mlichokuwa mnakitafuta ninyi wanne Jumamosi, na hamkukiona kwa sababu hakikuwa kwenye kete zake, kilikuwa kwenye kete za mpinzani. Mchezo wa namna hii ukiutazama upande wa anayeshinda utakuchosha. Geuza ubao, ukae upande wa anayebanwa, uulize kila hatua: "Sasa mimi nicheze nini?" Utatokwa jasho.

Mbinu yenyewe ina sababu za kiufundi, wala si uchawi. Mwenye nafasi kubwa anahamisha kete zake haraka kuliko mwenye nafasi ndogo, kama mtu mwenye barabara ya lami akishindana na mwenye kichochoro. Ukimshika mpinzani penye udhaifu mmoja, atawaleta walinzi wake wote hapo na ataokoka. Sehemu moja hulindika. Ukimwongezea udhaifu wa pili, mbali na wa kwanza, walinzi walewale inabidi wakimbie huku na kule, na kwa kuwa njia zao ni nyembamba watachelewa hatua moja. Hatua hiyo moja ndiyo mechi. Ndiyo maana mwenye nafasi ndogo anataka kubadilishana kete, apate pa kupumulia, na mwenye nafasi kubwa anakataa. Askofu wa a7 alikuwa ni kule kukataa. Alisema: ngome zako utabaki nazo, na hutakuwa na pa kuziweka.

Nani kati yenu anacheza bao? Namaanisha bao letu la kete, la mashimo thelathini na mbili, si drafti ya vizibo vya soda. Nilipokuwa mdogo kulikuwa na mzee mtaani kwetu ambaye hakuna aliyetaka kuketi naye. Hakuwa na mikono ya haraka. Ukiwa na mtaji, yaani nafasi ya kula, unaunyemelea, unaona utamla shimo lililonona, yeye anatakata tu: anazungusha kete zake upande wake, hali kitu, anamaliza, anakunywa kahawa. Unaangalia, mtaji wako umeyeyuka. Unatafuta mwingine, anatakata tena. Baada ya muda unajikuta wewe ndiye unatakata, na unatakata kwa kulazimika, na kila ukitakata unamnenepeshea shimo. Watoto tulidhani anacheza kwa woga. Wakubwa walikuwa wakimwita mchawi. Nilipokutana na mechi za Karpov miaka mingi baadaye nikasema, huyu nimeshamwona, amevaa msuli.

Tuje kwenye lile la "mpaka mwenzake akosee". Hapa mna nusu ya haki. Kweli, mara nyingi mwisho wake huwa ni kosa. Ila makosa hayaangukii watu kama embe. Chukua Singapore, tarehe 12 Desemba 2024, mechi ya 14 na ya mwisho ya ubingwa wa dunia. Ding Liren, bingwa mtetezi, na Gukesh Dommaraju wana pointi sawa. Kwenye ubao pamebaki ngome na askofu kwa kila mmoja, na Gukesh ana askari mmoja zaidi. Wachambuzi wengi waliona sare. Gukesh, kijana wa miaka 18, hakuiomba. Aliendelea kusogeza, anamuuliza mwenzake swali dogo, halafu jingine dogo. Hatua ya 55 Ding akaipeleka ngome f2. Gukesh akabadilisha ngome, akamleta askofu d5, na kwa kuwa askofu wa Ding alikuwa amejibanza pembeni kabisa, a8, hakuwa na pa kukimbilia. Maaskofu wakabadilishana, wakabaki wafalme na askari, na hatua ya 58 Ding akasalimu amri. Ubingwa wa dunia ukahama kwa hatua moja.

Mnaweza kusema Ding aliutupa. Sawa. Lakini alikuwa ametatua mafumbo hamsini na zaidi siku hiyo, na mengine mengi katika mechi kumi na tatu zilizotangulia. Anayebana anaweza kukosea kidogo, atapoteza ukubwa wa nafasi tu, atabaki na sare. Anayebanwa akikosea, amekwisha. Huu mzigo hauko sawa, na mchezaji wa subira anajua kuwa hauko sawa, ndiyo maana haoni haraka. Carlsen alimfanyia Anand hivyohivyo kule Chennai, Novemba 2013. Mechi nne za mwanzo sare, kisha ya tano na ya sita akashinda zote kutokana na miisho ya ngome ambayo mtu mwingine angeomba sare na kwenda hotelini.

Tahadhari kidogo kuhusu programu za kompyuta. Najua mnazitumia mnapobishana. Ikiandika 0.00, yaani pande zote sawa, mnasema "hamna kitu hapa". Programu ile inasema tu kwamba mlinzi asiyechoka, anayeona kila kitu, atapata sare. Haisemi ni hatua ngapi kati ya zilizopo zinaleta sare hiyo. Kama ni hatua moja tu kati ya thelathini, na kesho yake tena moja tu kati ya thelathini, binadamu pale yuko matatani hata kama namba ni sifuri.

Haya, sasa mechi zako kumi.

Umeshindwa saba, tano kwa muda. Nitakuwa mkweli: hizo tano hazikuhusu subira hata kidogo, zilihusu saa. Umechanganya kucheza kwa subira na kufikiri polepole. Nakuona kabisa: mchezo umefungika, huna wazo, unakaa dakika nne ukitafuta shambulio ambalo halipo, halafu unasogeza kitu kwa kukata tamaa. Mchezaji wa subira anatumia muda mwingi mara chache, pale muundo wa askari unapobadilika au kete zinapobadilishwa. Baina ya hapo anasogea kwa haraka, kwa sababu mpango anao na hakuna cha kumharakisha. Halafu nakushuku kuwa mechi hizo ulizicheza za dakika tatu au tano kwenye simu. Kama ni kweli, ulikuwa unajifunza kupika pilau kwa kiberiti. Cheza angalau za dakika 15 zenye nyongeza ya sekunde 10 kwa kila hatua. Chache, mbili kwa wiki zinatosha, lakini uziandike na uzirudie.

Kuhusu kipaji: sehemu yake ni tabia, sitakudanganya. Kuna watu wanaofurahia kukaa saa sita na kuna wengine miguu inawawasha. Ila kuona kete ya mwenzako imekosa pa kwenda, huko ni kusoma, na kusoma kunafundishika. Mimi nilifundishika, na nilikuwa mbaya kuliko wewe. Nikiwa na miaka ishirini na tatu nilikuwa na mzee mmoja kwenye raundi ya mwisho, askari mmoja zaidi, kila kete yangu nzuri kuliko yake. Nikaona aibu kushinda polepole mbele ya watu waliosimama wanatazama. Nikatoa farasi ili niwafurahishe. Mzee akamla farasi, akashukuru, akashinda. Sikula chakula cha jioni.

Niache kushambulia? Hapana, na hili nataka ulishike kuliko yote. Kwenye kiwango chenu, mechi nyingi bado zinaamuliwa na kete iliyoachwa bila mlinzi au cheki, tishio kwa mfalme, ambayo mtu hakuiona. Ukiacha mazoezi ya mafumbo ya hatua mbili tatu ukakimbilia kumuiga Karpov, utajenga nafasi nzuri sana kisha upoteze malkia ndani yake. Karpov mwenyewe aliona mashambulizi yote. Aliwanyima watu kwa sababu aliyaona mapema. Tena subira ina gharama zake. Utapata sare nyingi zaidi, na kwenye mashindano ya wikiendi ya raundi sita sare tatu zinakutoa kwenye zawadi. Utacheza mechi ndefu, raundi inayofuata utaingia umechoka na hujala. Kuna siku ambayo kutoa ngome ni sahihi zaidi kuliko kuzungusha askofu, na ukiwa umejifunza upande mmoja tu siku hiyo itakupita.

Ninachokushauri ni hiki. Baki mshambuliaji, ila jifunze cha kufanya mchezo unapofungika, kwa sababu hapo ndipo unapovuja. Ukikwama, usitafute shambulio. Tafuta kete yako mbaya kuliko zote, ile ambayo ukiifunika kwa kidole hakuna kinachobadilika, uipatie kazi. Kisha jiulize mwenzako angekuwa na zamu mbili mfululizo angezitumia kufanya nini, na kama unaweza kumzuia bila kujiharibia, mzuie. Na kabla ya kubadilishana kete yoyote, jiulize nani atapumua baada yake. Askari ndiye wa kumfikiria mara mbili: kete nyingine zote hurudi nyuma, yeye harudi.

Mazoezi: chukua mechi moja ya namna hii kwa wiki, funika hatua kwa karatasi, na ukisie hatua ya mshindi kabla ya kufunua. Ukikosa, usipite. Andika kwa maneno yako kwa nini yake ni nzuri kuliko yako, hata kama utaandika ujinga. Daftari langu la kwanza limejaa ujinga, na ninalo hadi leo.

Kuna jambo ambalo siwezi kukusaidia nikiwa huku. Kama baada ya miezi mitatu ya mechi ndefu bado saa inakuishia, tafuta mtu akae kando yako ukiwa unacheza. Kocha au mchezaji mzoefu wa kilabu ataona mambo ambayo karatasi ya mechi haionyeshi: unatazama wapi mwenzako anapofikiri, unagusa kete mara ngapi kichwani kabla ya kuisogeza, unanyanyuka kiti lini. Chama cha taifa cha mchezo huu kitakuelekeza kilabu kilicho karibu, na mashindano ya kawaida huwa wazi kwa wanaoanza. Ukiona unashindwa kulala kwa ajili ya mechi za simu, au umeanza kukosa vipindi, hilo zungumza na mshauri wa wanafunzi hapo chuoni. Si la kocha, na si la kuonea haya. Nimeshawaona wachezaji wazuri limewafika.

Jumamosi hii fanyeni hivi. Pangeni ubao wa Karpov na Unzicker kama ulivyokuwa baada ya hatua ya 23 ya Unzicker, malkia wake akiwa amerudi d8. Ubao mmoja, wewe chukua nyeupe bila kuruhusiwa kwenda a7. Kwenye ubao wa pili, mmoja wa wale watatu achukue nyeupe na aanze kwa kwenda a7. Baada ya hatua kumi badilishaneni pande, wewe ukae kwenye ubao wa pili na kete nyeusi, yule askofu akiwa mlangoni kwako. Kaa nao hadi uishiwe hatua. Kisha niandikie ulisogeza nini.